Kofia Iliyotoka Kaskazini

Benchi la Mzee Luan lilikuwa ubao mmoja mrefu mbele ya tanuri lake la kuchemshia maji, penye kona ya njia ya bandarini, na kila asubuhi ya baridi wanaume wa Shiqiao walijipanga hapo kama kunguru ukutani, migongo kwenye matofali ya moto, vikombe vya chai mkononi, wakiusahihisha ulimwengu. Wanawake walikuja na mabirika, wakajaziwa, wakaondoka, hakuna aliyekaa. Siku hiyo Lanxiu alifika na lake, na kila mwanamke aliyekuja nyuma yake, Lanxiu alimwambia, tangulia tu, mimi sina haraka, maana maji hayakuwa yaliyomleta. Yaliyomleta ni masikio. Mwaka Mpya ulikuwa umekaribia, mumewe Tingxun alikuwa anashuka melini siku ile ile kutoka kaskazini alikokwenda kuwinda, na huko kaskazini watu walikuwa wanakohoa damu na kufa, na kijiji cha jirani mwanamume mmoja alirudi na zawadi zake, wakamlaki, wakala naye, wakalala wote kwenye kitanda kimoja cha udongo chenye moto chini, na sasa nyumba ile imezibwa mlango kwa matofali na hakuna aliyebaki wa kuulizwa. Lanxiu alikuwa hapati usingizi. Alimbana mwanawe Suozhu kifuani, akasimama penye mvuke, akasikiliza, kwa sababu wanaume hawa walijua kila kitu. Wenyewe walisema hivyo.

— Ni reli, alisema Mwalimu Nusu, ambaye aliitwa hivyo kwa kuwa alifanya mtihani wa serikali na kushindwa, akarudia na kushindwa, mpaka serikali ikachoka ikafuta mtihani wenyewe. — Wamepigilia vyuma nchi nzima, wamemchoma joka wa ardhini mgongoni. Sasa anahema. Hiyo ndiyo tauni, bwana. Pumzi ya joka.

— Joka gani huyo anayeua wachukuzi wa mizigo tu? aliuliza Kitunguu.

Kitunguu alikuwa mwenye mkokoteni wa nyumbu, na alitafuna vitunguu vibichi tangu asubuhi hadi jioni, hata nyumbu wake alishajifunza kutembea kichwa kikiwa kimegeukia upande wa pili.

— Ameanza na walio karibu na reli. Hiyo ni elimu, wewe huwezi.

— Kaa na elimu yako. Ni visima. Kuna watu wanatia unga visimani. Binamu yake shemeji yangu amemwona mtu kwa macho yake, na kifuko.

— Kifuko cha nini?

— Angekijua si angekuwa amekufa!

— Nyote mmelala, alisema Mzee Luan, akichochea makaa. — Ni nywele. Vijana huko wanakata mikia yao ya nywele, wanajifanya watu wa kisasa. Ukikata mkia, kisogoni panabaki tundu. Upepo unaingia hapo, pwaa, mpaka mapafuni.

— Wanawake hawakati, na wanakufa vilevile.

— Wanawake wanaingiwa kwa mdomo. Umewahi kuona mwanamke amefunga mdomo?

Walicheka, na Lanxiu naye akatabasamu kidogo, kwa adabu tu, na Mwalimu Nusu akamwona, au tuseme akamwona mtoto.

— Aa, mke wa Tingxun! Hebu niione hiyo kofia. Ngozi hiyo! Mfalme mwenyewe hana!

— Mjomba, baba yake ndiye ameituma, lakini...

— Mtu wa maana, huyo baba yake!

Kofia ilikuwa imeshatoka kichwani mwa Suozhu. Mwalimu Nusu aliingiza vidole vyake vyenye baridi ndani, akafumba macho kwa utamu, akampa Kitunguu. Kitunguu akajipangusa nayo masharubu, akampa Mzee Luan. Mzee Luan, aliyewahi kuuza ngozi ujanani, akayapuliza manyoya yafunguke aone mizizi, akanusa kwa nguvu, akatikisa kichwa kama mtu anayejua, akairudisha kwa Mwalimu Nusu, naye akaivalisha goti lake lenye baridi yabisi. Lanxiu alinyoosha mkono. Hakuna aliyeuona.

— Na dawa je, mjomba? aliuliza.

— Kitunguu, alisema Kitunguu. — Mimi tauni haiwezi kunisogelea.

— Hata mkeo hakusogelei, alisema Mzee Luan.

— Fataki, alisema Mwalimu Nusu. — Unawasha mlangoni, ugonjwa unashtuka, unakwenda kwa jirani.

— Na jirani?

— Si naye anunue fataki zake?

Mzee Luan akasema anayetoka kaskazini aingie mjini kinyumenyume, ili ugonjwa udhani anaondoka. Lanxiu aliona hilo halina akili, akajikuta hata hivyo anamfikiria Tingxun akija kinyumenyume kwenye theluji na mzigo wake begani, akataka kucheka, akataka kulia.

— Sikilizeni, alisema Mwalimu Nusu, na sauti yake ikawa ya mahakamani. — Dawa ni moja. Wote wanaotoka huko warudishwe melini. Wakifa wafie baharini. Sisi tuna watoto.

— Warudishwe, ndiyo, alisema Kitunguu. — Ila baada ya sikukuu.

— Kwa nini baada ya sikukuu?

— Abiria wa wiki hii atawabeba nani, wewe?

— Kumbe unawabeba!

— Nawabeba, lakini siwageukii. Wao wanakohoa nyuma, mimi natazama mbele.

Hapo Lanxiu akashindwa. Maneno yalimtoka yote kwa pumzi moja, kama maji ya birika lililojazwa kupita kiasi.

— Mjomba, hiyo kofia ni ngozi ya panya buku wa nyikani, wale wale wanaosemwa ndio wenye tauni, baba Suozhu aliwaokota kwa mkono, alimwambia mwenzake aliyeileta kwamba mwaka huu ni wazito, hawakimbii, wenyeji wa nyika wakiwaona wazito hivyo wanageuza farasi wanapita mbali, naye akawacheka, akasema wajinga hawa wanaacha utajiri chini, na leo anashuka, na mimi nina chumba kimoja, kitanda kimoja, na huyu hapa. Nyinyi mnajua. Akigonga, nimfungulie au nisimfungulie?

Mwalimu Nusu alitazama goti lake. Kisha yeye na Mzee Luan wakaruka kwa pamoja kutoka upande wao wa benchi, na ubao ukainuka, na Kitunguu aliyekaa mwisho kule akaenda chini na chai yake.

— Kwa nini hukusema!

— Nilikuwa nasema.

— Ametuua! Mwanamke huyu ametuua!

Walisugua mikono kwa theluji, wakasugua midomo, Kitunguu akatafuna kitunguu kizima na maganda yake. Kofia ililala chini, ndogo, nzuri, na hakuna aliyeikaribia.

— Nimfungulie? aliuliza Lanxiu tena, taratibu safari hii.

Mwalimu Nusu alisema hayo ni mambo ya ndani ya nyumba, mtu wa nje hawezi kuyaingilia. Kitunguu alikumbuka nyumbu wake. Basi Lanxiu akamgeukia Mzee Luan, akamnyooshea birika. Mzee akarudi hatua moja.

— Maji yamekwisha, alisema.

Nyuma yake tanuri lilikuwa linanguruma, na mvuke unapanda mpaka juu ya paa.

Lanxiu aliutazama mvuke ule muda kidogo. Halafu akachukua koleo la makaa pale lilipoegemezwa, bila kuomba, akaibana kofia, akaitupa kwenye mdomo wa tanuri, na Mzee Luan akapiga yowe, tanuri langu! Lanxiu akavua kilemba chake mwenyewe akamfunga mtoto kichwani, akainama, akalijaza birika theluji kwa mikono.

Nyumbani kulikuwa na banda la punda. Angewasha moto humo mapema, angemtandikia Tingxun majani mengi, angeweka birika na chakula kizingitini na kurudi nyuma, wangeongea kupitia ukutani mpaka ijulikane kama ni mzima, na kama atakasirika na akasirike, mwenye hasira huyo atakuwa yu hai. Kama ni mzima. Alitembea haraka. Nyuma alisikia ubao wa benchi ukirudishwa mahali pake, na Mwalimu Nusu akisafisha koo.

— Mimi nilijua tangu mwanzo. Ni kofia. Joka anapitia kwenye kofia.

Hakugeuka. Alikuwa anayajaribu maneno mdomoni, mara moja, mara ya pili, yasije yakamtoka vibaya mlango utakapogongwa.

— Karibu, baba Suozhu. Usiingie.