Mapipa ya Kanali Hoagland

Hivi wewe unayenisikiliza, umewahi kushikwa mkono na ndugu yako wa damu, ukatamani kwenda kuusugua kwa majivu? Keturah alitamani. Kaka yake ndiye tunayemkumbuka leo, wasikilizaji wapendwa: Kanali Barzillai Hoagland wa New Jersey, mbunge wa jimbo wakati Amerika ilikuwa taifa bado bichi.

Alikuwa mtoto wa msaga nafaka, kando ya mto Raritan. Alipigana na Waingereza, akarudi na kovu shavuni na sauti nene. Sauti hiyo ikampeleka bungeni mara tatu. Mara tatu, wasikilizaji. Sauti, na pombe kali ya ramu.

Kule kura haikuwa siri. Unasimama mezani, sherifu, msimamizi wa kura, anakuuliza, "Unamtaka nani?" Unataja jina kwa sauti, na mgombea amekaa papo hapo. Ukimtaja, anainuka kukushukuru. Enzi hizo hata mjane mwenye mali alipiga kura, na Keturah alikuwa mjane mwenye shamba. Mara zote tatu alimtaja kaka yake.

Uchaguzi wa nne, Kanali alichoma nguruwe wazima wazima, akafungua mapipa ya ramu uwanjani. Jua halijapanda vizuri, watu wanatapika kwenye ngazi za kanisa. Mafuta yameganda kwenye ndevu, makamasi yamechanganyika humo humo. Kanali akawabusu hivyo hivyo! Kisha akapanda juu ya pipa.

"Mtu huru hana bwana!"

"Mimina basi, Kanali!" akajibu mlevi mmoja. "Uhuru unakausha koo!"

Wakacheka. Pembeni, Flora, mtumwa wa Kanali, alikuwa akigeuza nyama, macho yamemvimba.

"Bet yuko wapi?" Keturah akamuuliza. "Mbona hakusaidii leo?"

"Muulize kaka yako, bibi. Mwanangu ndiye hayo mapipa."

Keturah akamfuata kaka yake. "Umemuuza Bet?"

"Dada, usinikunjie uso, watu wanatazama. Uchaguzi una gharama zake. Nikishinda, Flora nitamtafutia msaidizi mwingine."

"Msaidizi! Yule ni mtoto wake!"

"Haya, haya. Nenda mezani, zamu yako imefika." Akamshika mkono, kiganja kinateleza mafuta ya nguruwe.

Uzeeni Keturah aliwaambia wajukuu zake: "Niliusugua mkono huu mpaka ukachubuka. Harufu haikutoka."

Kiti Kanali alikikosa. Mwaka uliofuata akafa, wakamchongea jiwe: Rafiki wa Uhuru. Keturah aliuza ng'ombe wake wote akimtafuta Bet. Bet hakuonekana tena. Flora alizikwa bila kumwona.

Ukoo wa Hoagland, poleni. Mtu hachagui wa kuzaliwa naye. Uzao wa Flora, popote mlipo, poleni zaidi, maana ninyi hamna hata jiwe la kuliwekea ua. Nasi wengine, siku ya kura tukipewa kikombe, tukiangalie kwanza. Humo ndani kuna mtoto wa nani?

Asubuhi ile Keturah alisimama mezani. Kanali alikwisha kuinuka nusu, tabasamu tayari, amshukuru kama kawaida.

"Bi Keturah," sherifu akauliza, "unamtaka nani?"

Keturah akaufuta mkono kwenye gauni.

"Kaka yangu simtaki," akasema. "Namtaka Bet. Arudi kwa mama yake."