Visahani vya Mwewe

Benchi letu liko kwenye kona, kati ya duka la vipuri vya baiskeli na kibanda cha kinyozi. Nasema benchi letu kwa adabu tu, maana mbao ni zangu, misumari ni yangu, na anayeuza kahawa hapo ni mimi. Ila wanaolikalia kila jioni wanajiona ndio wenye mali. Kuna Gundi, fundi viatu, ambaye anaamini matatizo yote ya binadamu huanzia kwenye soli. Kuna Profesa, yule kinyozi wa jirani, aliyepewa jina hilo kwa kuwa ana jibu la kila kitu, na hulitoa kabla hujamaliza kuuliza. Kuna Nyavu, aliyekuwa golikipa ujanani, na sababu ya jina lake hatumkumbushi mbele ya wageni. Na kuna Mwewe. Siku hiyo Mwewe alifika na sare ya kazini, akakaa pembeni kabisa, akapokea kikombe bila kunitania kwamba kahawa yangu ni maji ya kuoshea masufuria. Hapo nikajua kuna jambo.

Mwewe ni mfukuza ndege wa uwanja wa ndege. Yaani anafukuza wale wenye manyoya wasiingie kwenye zile zenye injini. Mwaka wa kumi na moja sasa anazunguka kandokando ya njia ya kurukia na bunduki ya marisau, ile ambayo risasi zake ni vipunje vingi vinavyotawanyika kama mtama uliomwagika. Siku nyingi hupiga hewani tu, kuwatisha. Lakini kila mwaka wakubwa wake humpima. Mashine inarusha visahani vya udongo ishirini na vitano, kimoja kimoja, na yeye lazima avunje kumi na tano vikiwa bado hewani.

— Nimevunja sita, akasema.

— Sita? akauliza Gundi. Wewe? Mwaka jana si ulivunja ishirini na mbili?

— Ndiyo. Na wiki iliyopita sita.

— Sasa inakuwaje?

— Kesho asubuhi napimwa tena, mara ya mwisho. Nikishindwa nakabidhi bunduki, nahamishiwa getini kuinua kile kizuizi magari yapite.

Mwewe si mtu wa getini hata kidogo. Huyu ndiye anayetuambia ndege gani wanakuja mvua ikikaribia, na nani kati yao ni mkaidi. Ukimweka getini utamkuta ameinua uso kutazama angani, na magari kumi yanampigia honi. Roho iliniuma, lakini nikajifanya napuliza mkaa.

— Lete mguu, akasema Gundi.

Mwewe akanyanyua mguu. Gundi akaligeuza buti, akabonyeza kisigino kwa kidole gumba.

— Nilijua tu. Kimelika upande wa kushoto. Ndugu yangu, unasimama mshazari. Na mtu mshazari anapiga mshazari.

— Mwaka jana nilivaa buti hizi hizi.

— Mwaka jana kisigino kilikuwa kizima. Niachie leo nikubandikie soli mpya.

Profesa alikuwa mlangoni kwake na mkasi mkononi. Ndani alikuwa amemwacha mteja ana nywele nusu kichwa.

— Kabla ya kubandika soli, ulizeni risasi zinapita wapi, akasema.

— Nyuma, akasema Mwewe. Kila mara nyuma. Msimamizi anasimama begani kwangu, ananiambia, umekiacha kimekwenda.

— Basi piga mbele yake.

— Si ndiyo ninavyofanya?

— Mbele kiasi gani?

— Hapo ndipo ninapopima. Nikimaliza kupima, kimeshapita.

— Hujui kupima. Sikiliza mtu wa mkasi. Mteja wangu akigeuza shingo ghafla, mimi simfuati. Mkasi unamtangulia, unamngoja kule anakokwenda.

— Ndiyo maana mzee wa vipuri ana kovu sikioni, nikasema.

— Lile alikuja nalo.

Kutoka ndani mteja akauliza kama amalize mwenyewe. Profesa akamwambia atulie, kuna mambo ya kitaalamu yanajadiliwa hapa.

Nyavu alikuwa anazungusha kikombe chake kitupu, na mimi najua akizungusha kikombe kitupu ujue kuna hotuba inakuja.

— Nyie wote mnahangaika na kisahani, akasema. Kisahani hakina akili. Mwenye akili ni yule anayekirusha. Mimi golini sikuwa naangalia mpira. Nilikuwa naangalia nyonga ya mpigaji.

— Mpira nao ukapita zake, akasema Gundi.

— Ilipita michache.

— Michache? Na mechi ile ya tisa bila?

— Ile kulikuwa na jua machoni. Mwewe, mashine inabonyezwa na nani?

— Na kijana mmoja wa karakana.

— Mwangalie bega. Bega likishtuka tu, wewe fyatua.

— Kabla kisahani hakijatoka?

— Kikitoka kikute risasi zimeshafika.

Mwewe akacheka kidogo, kicheko cha kwanza siku hiyo, na nadhani hicho ndicho kilichowapa kichwa. Gundi akasema ampe kila kisahani jina la mkubwa wake mmoja, mkono utapata hamasa. Profesa akasema hapana, shida ni upepo, amkalishe kitini amnyoe upande wa kulia peke yake ili kichwa kikate hewa vizuri kikigeuka. Nyavu akasema afumbe macho yote mawili.

— Yote? nikauliza.

— Penalti pekee niliyowahi kuidaka nilikuwa nimefumba macho.

— Basi maneno yametosha, akasema Profesa. Twende kwenye vitendo. Lete fagio.

Fagio ni langu. Kifuniko cha birika ni changu. Nikawaambia wazi kwamba sivitoi, na nilipogeuka kumhudumia mteja vyote viwili vikawa vimeshachukuliwa. Mwewe akasimama katikati ya njia na fagio begani, mpini umetangulia mbele. Gundi akasogea hatua kumi, akakirusha kifuniko hewani.

— Nyanyua ncha, akasema Profesa.

— Ncha imetetemeka, akasema Nyavu.

— Umechelewa. Rudia.

Wakarudia. Kila kifuniko kiliporuka, sisi sote macho yetu yalikuwa kwenye mpini wa fagio, tunaukosoa, juu kidogo, kushoto kidogo, na Mwewe naye ameukodolea macho huo huo mpini, jasho linamtoka. Mara ya tano kifuniko kikaangukia kwenye beseni langu la vikombe. Kimoja kikavunjika. Nilikuwa nimeshafungua kinywa nimpe Gundi maneno yake, ndipo tukasikia sauti nyuma yetu.

— Hamjambo wanangu?

Alikuwa mama mmoja mfupi, mkoba begani, ametulia kama mtu aliyetazama kwa muda. Sisi hatukumjua. Mwewe alimjua. Fagio likashuka begani, likaenda nyuma ya mgongo.

— Shikamoo mama.

— Marahaba, baba. Mwenzio kanituma. Kasema chakula kinapoa na wewe huonekani.

Kumbe ni mama mkwe wake, aliyefika jana yake kumwona binti yake na wajukuu. Nilimwonea Mwewe huruma. Kwa mkwe mtu hujitahidi hata kukohoa kwa heshima, sasa huyu kakutwa njiani analenga kifuniko kwa fagio.

Profesa akajitwika kazi ya kueleza. Akasema, mama, mkweo kesho ana mtihani wa kupiga visahani vinavyoruka, na sisi tukiwa wenzake tunamnoa. Akamweleza na lile la getini. Mama akasikiliza mpaka mwisho. Akaitikia kwa kichwa, akamtazama mkwewe.

— Na hicho kisahani kina rangi gani?

— Ya udongo, mama, akasema Gundi. Si ni cha udongo.

— Cheupe, akasema Profesa. Ili kionekane.

— Vyeusi, akasema Nyavu.

— Namuuliza mwenzenu, akasema mama.

Tukamgeukia Mwewe. Alikuwa ameinamisha macho chini.

— Mwaka jana vilikuwa vyeusi, akasema. Mwaka huu nilisikia wameleta maboksi mapya.

— Wiki iliyopita vimepita ishirini na vitano mbele yako.

— Ndiyo mama.

— Vilikuwa rangi gani?

Mteja wa Profesa alikuwa ametoka mlangoni na shuka shingoni, naye akawa anangoja jibu.

— Sijui mama. Sikukiona hata kimoja. Nilikuwa naangalia ncha ya bunduki.

Kisha akatuambia jambo ambalo hajawahi kutuambia, na miezi yote hiyo tunakaa naye benchi moja. Kuna asubuhi moja, miezi michache baada ya mtihani wa mwaka jana, korongo alimpita. Alimlenga, akamkosa, na korongo akaingia kwenye injini ya ndege iliyokuwa inapaa. Ndege ilizunguka ikarudi chini salama, abiria wote wakashuka kwa miguu yao, hakuna aliyemlaumu. Lakini yeye alisimama pale kwenye majani akawatazama wakishuka, mmoja mmoja, mpaka wa mwisho.

— Tangu siku hiyo naogopa kukosa, akasema. Nikiinua bunduki naanza kuipima. Naipima mpaka mikono inasimama yenyewe. Zamani nilikuwa namtazama ndege tu, mikono inamfuata.

Gundi akajifanya anatafuta msumari mfukoni. Mimi nikamwongezea Mwewe kahawa ambayo hakuiomba.

— Mimi mambo ya bunduki siyajui, akasema mama mkwe. Ila kesho ukitoka huko, uje uniambie kisahani kina rangi gani. Sitakuuliza umevunja vingapi. Umesikia, baba?

— Nimesikia mama.

Mwewe akampokea mkoba, wakaondoka, yeye hatua moja nyuma.

Kesho yake hakuna aliyekubali kwamba anangoja. Gundi alikuwa anashona kiatu kilekile tangu asubuhi. Profesa alikuwa anafagia kibanda kisicho na unywele hata mmoja. Nyavu alifika mapema kuliko jua linavyoruhusu, akasema amepita tu. Mwewe alitokea mchana, anatembea haraka, na hata salamu hakutoa.

— Ni rangi ya machungwa, akasema. Ukingoni vina mstari mweusi. Vikiruka vinazunguka, na ule mstari unaonekana kabisa, unakimbia.

— Vingapi? akauliza Gundi.

— Vingapi nini?

— Umevunja vingapi, bwana.

Mwewe akasimama, akafikiri.

— Sikuhesabu. Vilipokwisha, msimamizi kanirudishia bunduki, kasema kesho niingie zamu ya alfajiri. Nipisheni, mama ananisubiri nyumbani.