Mstari Alioufuta Marehemu

Ndugu waombolezaji, mimi ni mama mdogo wa marehemu, familia imenipa wasifu wake nisome kwa kuwa sauti yangu inafika mbali, jambo ambalo majirani mnalijua bila kuambiwa.

Marehemu, tuliyezoea kumwita Waya, alizaliwa tarehe 9 Agosti 1979 katika chumba cha nyuma cha nyumba hii, akasoma shule ya msingi iliyo nyuma ya kiwanda cha sabuni, 1987 hadi 1993, kisha sekondari na chuo cha ufundi, na tarehe 3 Mei 2004 akaajiriwa fundi wa mtandao wa kompyuta katika hospitali ya hapa mjini. Alifunga ndoa tarehe 16 Desemba 2006, na mkewe, ambaye kwa miaka miwili alidhani mume ana mwanamke kumbe ana ruta, akamzalia mabinti wawili.

Kazi yenyewe alinieleza hivi, kwamba kila ruta, yaani kile kisanduku kinachogawa mawasiliano ya kompyuta, ina orodha ya njia, maabara mlango huu, wodi mlango ule, na chini kabisa mstari mmoja unaosema, chochote usichojua kinakokwenda, kipitishe huku. Mstari huo ukikosekana, kisichojulikana hakingojeshwi, kinatupwa.

Tarehe 11 Machi 2019 aliufuta mstari huo ili auandike upya, akaitwa wodini kabla hajauandika, aliporudi akajaribu maabara, ikajibu, akajaribu wodi, nazo zikajibu, akafunga kabati akaenda zake. Picha za kichwa cha mama mmoja zilizotumwa kwa daktari bingwa wa nje ya hospitali, njia isiyokuwamo kwenye orodha, hazikufika, majibu yakangojwa kwa muda wa saa tano, yule mama akafariki. Marehemu aliurudisha mstari kimyakimya, na wakubwa walipouliza nani alishika ruta, daftari la zamu likaonyesha mwenzake, ambaye walibadilishana zamu bila kuandika, akafukuzwa kazi, na mwanangu akanyamaza.

Nami nilieneza kwamba yule mwenzake ni mlevi, nikaeneza bombani, nikaeneza saluni, nikaeneza nyumba kwa nyumba, chumvi nikaongeza mwenyewe.

Figo zilianza kumsumbua Januari mwaka huu, na tarehe 20 Mei aliniita kitandani akanieleza yote, akasema, "Mama mdogo, wewe ndiye uliyeeneza uongo, basi na huu ukweli ueneze wewe, lakini nikishakufa, siwezi kuwatazama wanangu." Nilimwambia huo ni woga, akasema anajua. Alifariki tarehe 3 Juni saa nne asubuhi.

Mjane nilimwambia jana, akasema soma.

Mwenzake yule amekaa pale karibu na mlango, kaja kutuzikia, hakuwa mlevi wala hakugusa ruta siku ile, na familia ya marehemu mama yule tunaiomba radhi, ingawa radhi haimrudishi.

Tunawashukuru madaktari, wauguzi, majirani, na wafanyakazi wenzake, mmoja wao zaidi ya wote.

Pumzika, mwanangu, amani uliyoikosa miaka sita uipate leo, na mimi kesho naanza kupita zile nyumba, moja baada ya nyingine.