Ponsian Kasogela, Mfungwa wa Beringi ya Kibaoni

Ndugu waombolezaji, ni nani kati yetu aliwahi kumwuliza Ponsian kama alitaka kuondoka Kibaoni?

Marehemu Ponsian Kasogela alizaliwa Litapunga tarehe 12 Mei 1959. Alisoma shule ya msingi hapohapo, akahitimu ufundi mitambo Dar es Salaam mwaka 1983, kisha akarudi kuendesha mtambo wa ushirika wetu hapa Kibaoni, unaozungushwa na maji kusaga mahindi.

Tarehe 20 Julai 1991 alifunga ndoa na Theopista. Katikati ya sherehe alitoweka, akakutwa mtamboni na suti yake, kiganja juu ya beringi, chuma kinachoshikilia ekseli inapozunguka, kama anayempima mtoto homa. "Shemeji," bibi harusi alimwambia Enoka, mdogo wa marehemu anayesoma wasifu huu, "mrudishe huyo, la sivyo keki utanilisha wewe!"

Ndani ya beringi ile, ekseli ilizungukwa na vipande vitano vya chuma vinavyoinama kidogo kuufuata mzunguko wake. Uzito uliangukia kati ya vipande viwili vya chini, vikasaidiana kuubeba. Mwaka 1993 kamati ya ushirika ilisimika kinu cha mpunga ubavuni mwa mtambo. Mkanda wake ukaivuta ekseli pembeni, mzigo wote ukalala juu ya kipande kimoja, nacho kikaanza kuungua. Ponsian akaomba mtambo usimame asubuhi moja tu, aizungushe beringi, mzigo urudi kati ya vipande viwili.

"Msimu huu, fundi? Foleni imefika barabarani!" alisema Mzee Nkwabi, mwenyekiti. "Wewe si upo? Mwagia mafuta."

Mpunga ulipokwisha, mahindi yakaingia. Ponsian akawa anaimwagia beringi mafuta usiku na mchana, mfungwa asiye na askari. Kazi ya Mwanza aliikataa. Mama yao alipozikwa Litapunga, yeye alikuwa anamwagia mafuta.

Machi 1996 alianza kukohoa damu. Daktari wa Mpanda alimlaza. Akatoroka wodini aliposikia beringi inatoa moshi. Alifariki nyumbani kwake Jumanne, tarehe 11 Juni 1996.

Ameacha mjane, Theopista, watoto wawili, Specioza na Ambrosi, na mdogo wake Enoka. Mungu ampe pumziko tulilomnyima sisi.

Na hili nalo lisomwe kabla hatujamfukia. Asubuhi iliyofuata kifo chake, Enoka alimwona Mzee Nkwabi akifunga maji ili mtambo usimame kwa heshima ya msiba.

"Maadamu umesimama," mwenyekiti alimwambia Masalu, fundi msaidizi, "malizeni na ile beringi."

Wakaizungusha. Walimaliza kabla uji wa wafiwa haujaiva.