Boneti ya Mama Msasa

Wasikilizaji wapendwa, karibuni tumkumbuke fundi wa rangi za magari aliyezikwa juzi. Karakana nzima ilimwita Mama Msasa, kwa kuwa kipande cha msasa hakikutoka mfukoni mwake, hata alipokwenda harusini.

Mama Msasa alikuwa fundi wa rangi, na alikuwa mtu wa kweli tupu. Mteja alipoleta gari lililobambuka vanishi, yaani ule utando angavu unaokinga rangi, akataka mpya ipigwe juu ya kuukuu, jibu lilikuwa moja: "Baba, kigaga hakipakwi poda. Acha nikisugue kwanza."

Lakini gari lake mwenyewe lilikuwa na boneti mbovu. Vanishi ilikuwa imechubuka, rangi ya buluu imefifia katikati. Watani wa karakana hawakumwacha. "Mama, kinyozi gani huyu mwenye nywele timutimu?" Alicheka nao. Boneti hakuigusa.

Aliyeiharibu ni kaka yake mkubwa, fundi cherehani. Aliazima gari, ndege wakalichafua, naye kwa nia njema akalisugua kwa waya wa kusugulia sufuria. Alipolirudisha alisingizia jua.

"Jua, kaka?"

"Jua la siku hizi si mchezo."

"Jua linababua. Halichori miviringo."

Kaka akanuna. Mkubwa ataombaje radhi kwa mdogo wake? Binti wa marehemu anasimulia: "Mama alikataa kuitengeneza. Alisema, 'Nikiifuta michubuko hii, nitakuwa nimemsaidia kudanganya.' Mjomba akawa haji kwetu ila kwenye misiba. Walisalimiana kama watu waliokutana kwenye foleni ya hospitali."

Miaka ikapita hivyo, hakuna aliyelegeza kamba.

Maradhi yalipomlaza Mama Msasa, kaka alikuja. Alisimama mlangoni, kofia mkononi. "Dada, nilisugua mimi. Kwa waya wa sufuria."

Mama Msasa akamtazama sana. "Sufuria safi au yenye masizi?"

Wakacheka mpaka kikohozi kikamkatiza. Kisha akasema, "Haya. Kesho uje na nguo za kazi."

Kesho yake Mama Msasa alitolewa nje hadi uani, akaketishwa kando ya gari. Kaka akalowesha msasa, akasugua. Mama Msasa alifumba macho, akapitisha vidole pale vanishi ya zamani ilipokomea. "Bado. Hapa vidole vinajikwaa." Kaka akasugua tena, bila kubisha. Jioni vidole vikapita bila kujikwaa. Boneti ilikuwa tayari kwa vanishi mpya.

Vanishi hiyo haikupigwa. Mama Msasa alifariki kabla.

Siku ya mazishi kaka alikataa gari lile lifichwe. Aliliendesha mwenyewe mbele ya msafara, boneti imefubaa kama ubao wa darasani. Langoni mwa makaburi mzee mmoja akauliza kwa sauti, mbele ya watu wote: "Nani kaliharibu hivi gari la fundi?"

Kaka akashuka. Akafunga mlango taratibu.

"Mimi, ndugu zangu. Ni mimi."

Kwa kaka huyo, kwa binti, na kwa mafundi wote wa karakana, tunawapa pole. Msiba wenu tumeubeba pamoja nanyi. Nawe, msikilizaji mpendwa, kama yupo anayekungojea useme, zima redio hii uende ukamwambie.