Nukta Nyeupe Kwenye Kona

Marehemu baba yetu, ambaye wengi mlimwita Mzee Kifuniko, alizaliwa tarehe 9 Machi 1951 katika nyumba za wafanyakazi wa reli, mtoto wa kwanza kati ya wawili. Wa pili ni Baba Mdogo, aliyekaa pale mstari wa mbele.

Alisoma shule ya msingi hadi darasa la nane, mwaka 1966. Mwalimu wake alisema ni mtoto msikivu, ila haamini jibu ambalo hakulikokotoa mwenyewe. Hakubadilika.

Mwaka 1970 aliajiriwa studio ya picha. Huko mpima ardhi mmoja aliyekuwa akistaafu alimwachia kamera ya Kijerumani, ya filamu, nzito kama jiwe la kusagia. Ukichungulia kidirisha chake unamwona mtu wako wawili. Unazungusha lenzi mpaka wale wawili wawe mmoja, ndipo unabonyeza. Marehemu alisema hiyo ndiyo kamera pekee inayoanza kwa kumtilia mtu shaka. Pazia lake la ndani, la kitambaa cha kuzuia mwanga, lilikuwa na kitundu, kwa hiyo kila picha ilitoka na nukta nyeupe kona ya juu kulia. Alikataa kukiziba. "Hiyo ndiyo sahihi yangu," alisema. "Kikulacho ki nguoni mwako."

Tarehe 14 Agosti 1976 alimwoa mama, na siku hiyo kamera alimkabidhi mdogo wake. Sasa, kidirisha cha kamera ile hakipitii kwenye lenzi. Hata lenzi ikiwa imefunikwa, wewe unaiona harusi yote inameremeta. Baba Mdogo alimaliza filamu nzima kifuniko kikiwa mahali pake, picha zote zikatoka giza tupu. Tangu hapo marehemu aliuliza habari za kifuniko hata kwa aliyepika chai, ndipo alipopata jina. Kamera hakumpa mtu tena, na mama akakaa miaka yote bila picha moja na mumewe.

Figo zilianza kumsumbua Januari mwaka huu. Tarehe 2 Mei, akiwa kitandani nyumbani, alinipa kamera mimi, binti yake wa kwanza.

"Kifuniko umetoa? Nionyeshe."

Nikamwonyesha. Mama akakaa kando yake, akamwekea mkono begani, nikapiga. Wiki hiyohiyo kamera ilitoweka kabatini na filamu yake ndani. Siku hizi kamera hizo zinatafutwa kwa tochi, basi tukamuuliza kila aliyekuja kumjulia hali. Baba Mdogo alinijibu, "Mwanangu, mimi na kamera ile tuliachana siku ya harusi." Nikamwamini, damu ni damu. Marehemu alimtazama tu, jicho moja amelifumba. Alifariki alfajiri ya tarehe 21 Mei.

Picha ya jalada la ratiba hii ya mazishi mliyoishika imeletwa na Baba Mdogo juzi, akasema ni ya simu yake. Tunamshukuru. Naomba kila mmoja aitazame. Begani kwa marehemu kuna vidole vinne na pete ya mama, mama mwenyewe amekatwa. Sasa tazameni kona ya juu kulia.

Marehemu ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu watano, mdogo wake huyo mmoja, na kamera. Wanasema siku za mwizi ni arobaini. Mama anasema yeye atangoja mpaka jioni ya leo, na kamera hana haja nayo, anataka ile picha nzima, akae tena kando ya mumewe.

Baba, pumzika kwa amani. Kifuniko tumeshatoa.