Éponge ya Hénock

Kule Vulamba, mjini Butembo, pale barabara inapopinda chini ya shamba la migomba la Kasonia, kuna benchi refu la mbao za mikaratusi. Mbele yake Antoinette, anayeitwa Mama Termos, anauza kahawa nyeusi ya milima yetu. Asubuhi hiyo ndugu wa ukoo walimtuma Gamaliel, mwenye jina la Satelite kwa sababu hakuna jambo duniani asilodai kuliona, aende kumwondoa shemeki wake Kasonia kwenye benchi hilo. Hénock, mtoto wa Kasonia, alikuwa mwalimu wa biolojia Kirumba. Vita vilipoingia alikimbia na wanafunzi wake. Wanafunzi walifika Butembo wakasema walimwona mwalimu akianguka kwenye mto, akachukuliwa na maji. Mwili haukupatikana. Na kwa ukoo ule, mwili usipopatikana unazikwa mugomba, shina zima lililovikwa shuka, kisha kilio kinafungwa. Bila hivyo Hulda, mke wa Hénock, hawezi kuwasha moto wala kwenda sokoni. Analala chini, kichwa kimenyolewa, akingoja. Kilichobaki kilikuwa neno moja la baba.

— Shemeki, shuka iko tayari. Banakungojea weye tu.

— Bangojee. Mama Termos, ongeza kahawa.

— Pasta amekwisha kufika.

— Na yeye angojee. Satelite, ikala chini. Hénock alinifundishaka hapa hapa, mu vakansi. Kule baharini kuko nyama, kiumbe ya kuishi, jina yake éponge. Haina kichwa, haina moyo, haina kinywa. Iko matundu tu. Maji inaingia huku, inatokea kule, chakula inabakia ndani. Unaikamata, unaikamua mu kitambaa, sawa vile banachujaka kasiksi...

— Weye shemasi mu kanisa, unajulia wapi namna banachujaka pombe ya ndizi? akauliza Adjudant Gustave, mwanajeshi aliyeletwa kutoka Moanda, pwani ya bahari, ambaye kahawa yake ya kwanza huinywa hapo kila siku.

— Niache, Adju. Inageuka uji. Hakuna tena nyama. Unamwaga ile uji mu maji ya chumvi, unaangalia. Vipande vinaanza kutafutana. Kimoja kinakamata kingine. Kidogo kidogo, éponge inarudia, muzima!

Akaweka kikombe chini.

— Sasa muniambie. Munataka nizike nani?

Tatizo la benchi lile ni moja: hakuna anayekataliwa hadithi yake. Mtu akileta hadithi, unampita kwa kubwa zaidi. Ndivyo walivyozoea, na Gamaliel ndiye aliyekuwa bingwa. Basi alitaka kumwambia shemeki wake kwamba mtu si éponge, lakini mazoea yakamshika ulimi.

— Hiyo kidogo, akasema. Mimi nilioga mu bahari ya Moanda. Nikakutana na méduse! Nyama sawa mwavuli, laini, inateleza, maji tupu. Ubongo hamna. Kuko namna moja, ikizeeka ao ikiumia, haikufi. Inashuka chini, inajishikisha ku jiwe, inarudia utoto. Inaanza kukomaa upya. Ile niliona mimi, ilizaliwaka mbele ya Babeleji bafike, na uso yake hata kunyanzi moja!

Gustave alimtazama. Anajua vizuri kwamba Gamaliel hajawahi kuvuka Kisangani, na kwamba méduse haina uso. Kisha akamtazama Kasonia, ambaye macho yake yalikuwa yameanza kung'aa.

— Ni kweli, akasema Adjudant. Na kuko corail, matumbawe. Batu banasema ni jiwe. Kumbe ni nyama kidogo kidogo, mingi, zimeshikana. Moja ikikula, jirani anapata. Moja ikikufa, nyumba yake inabakia, ingine inajenga juu. Kijiji muzima, bila hata chef moja.

— Bila taxe, hata kodi ya soko? akauliza Mama Termos.

— Bila taxe.

— Basi bakimbizi bote baende kule. Mimi, dada yangu mukubwa anaishi Kalemie. Ba-méduse ziko hata mu ziwa Tanganyika, ndogo, sawa kifungo ya shati. Mwaka mumoja zinajaa, unaona ziwa inapumua nazo. Mwaka ingine, hakuna hata moja. Batu banasema zimekwisha. Uongo! Ziko chini, ku majiwe, kadogo hata jicho haioni.

— Zinafanya nini kule? akauliza Kasonia.

— Zinangoja.

— Ah! Munasikia?

— Hata mimi ninaona, akaendelea mama, kahawa ikimwagika nje ya kikombe kwa furaha, mbele ya Mungu kupulizia Adamu pumzi, alijaribishaka kwanza ku éponge. Njo maana ana matundu mingi hivi!

Wakacheka, hata Kasonia, ambaye hakuna aliyemsikia akicheka tangu habari ya mto. Akasimama.

— Satelite, wende uwaambie bakunje shuka. Mutoto iko mahali. Labda Kanyabayonga, labda mu pori. Anajikusanya.

Gamaliel akaacha kucheka. Juu, kati ya migomba, aliona mlango wa Hulda uko wazi, na miguu yake imenyooka kwenye mkeka. Alikuwa ametumwa kumfungulia yule mwanamke mlango, na yeye ameusukuma ukajifunga. Na Hénock alikuwa mtoto wa dada yake. Alimpakata kabla hajaota jino.

— Shemeki, akasema polepole. Éponge haina muke.

— Nini?

— Éponge ikijikusanya, ijikusanye. Hakuna mutu analala chini ju ya kuingoja.

Hapo akashuka kutoka migombani Jéthro, seremala mkimbizi aliyepewa kazi ya kuchimba kaburi na kukata mgomba. Alikuwa mgeni Butembo, na panga lake lilikuwa linadondosha utomvu.

— Ba-papa, munisamehe. Nimepata mugomba ya muzuri, munene. Lakini niikate urefu gani? Mimi sikumujuaka ule kijana. Alikuwa murefu namna gani?

Adjudant aliangalia buti zake. Mama Termos aliziba chupa. Gamaliel aliinua mkono hewani: ukafika kwenye sikio, ukapanda, ukashuka, usijue pa kusimama. Kila akimkumbuka Hénock, alimwona amekaa benchini, magoti mbele, anaongea.

— Mutoke ku benchi, akasema Kasonia.

Wakainuka wote. Akavua kofia, akalala chali juu ya benchi, visigino pamoja, mikono ubavuni.

— Pima.

Jéthro alimtazama Gamaliel, Gamaliel akaitikia kwa kichwa. Seremala akanyoosha kamba ya mugomba kutoka kisigino mpaka utosini.

— Ongeza, akasema Kasonia, macho ameyafumba. Alinipitaka.

— Kiasi gani, papa?

Gamaliel akapiga goti kwenye udongo, akaweka kiganja chake juu ya mbao, kikigusa nywele za shemeki wake.

— Hapa?

— Bado.

Akakisogeza.

— Hapa?

Machozi yalikuwa yanamwingia Kasonia masikioni. Jéthro akangoja kidogo, kisha akafunga fundo kwenye kamba pale kiganja kilipoishia.